X Saba kwenye Nyumba ya Shangazi Badriya

Mlionipigia simu na kunitumia meseji za pole tangu toleo la wiki iliyopita, ahsanteni sana, lakini pole zenu zirudisheni. Sizistahili. Nyumba haikubomolewa na serikali wala na tingatinga. Aliyeibomoa ni mie, Hilal bin Haroub, mwenye akili zangu timamu na mtaimbo wa kuazima.

Kwa aliyetukuta njiani, nimkumbushe kwa ufupi.

Nyumba ni ya mawe na chokaa, ipo Mtoni, Temeke, kando ya barabara ya Kilwa. Aliijenga babu, mbele duka, nyuma watu. Mlango wake mkubwa ni wa mvule, umechongwa, na juu yake pameandikwa mwaka kwa tarakimu za Kiarabu. Anayeishi humo ni shangazi yangu Badriya, miaka sabini na sita. Kazaliwa humo, kaolewa humo, kafiwa na mume akarudi kukaa eda humo, na anasema atatokea humo kwenda makaburini. Mtoto hakujaliwa, fungu lake la urithi alishatugawia sie watoto wa kaka yake. Alituamini.

Miaka miwili nimefukuzana na Mfuko wa Majengo ya Zamani, hawa wanaotoa ushauri wa kitaalamu na pesa za kutengeneza nyumba kama yetu. Fomu yangu imerudishwa mara tatu. Kwanza, picha zina kivuli. Pili, jina la babu lina herufi moja zaidi kwenye hati kuliko kwenye fomu. Tatu, wanataka saini ya kila mrithi. Mdogo wangu Ibtisam, anayekaa Boko, akakubali kusaini kwa sharti moja: mwezi huu ukiisha bila msaada kupatikana, kiwanja kinauzwa. Tukaandikishiana. Shangazi hakuambiwa.

Na niliwaacha pale niliporudi kutoka msibani Tanga, begi begani, nikaukuta ukuta wetu umepigwa X nyekundu. Siyo moja. Saba.

Mtu wa Dar hafundishwi maana ya X. Ukishaiona ukutani kwako, unaanza kuhesabu siku mpaka tingatinga lije.

"Shangazi!" niliita kabla hata sijavua viatu. "Nani kaandika haya?"

Alikuwa ukumbini, anachambua mchele.

"Salamu kwanza."

"Shikamoo shangazi. Nani kaandika haya?"

"Marahaba. Wamekuja watu wa serikali." Kwa shangazi yangu kila mwenye faili ni serikali, hata msoma mita ya maji. "Msichana mmoja na vijana wawili, na kofia zao ngumu. Watu wa heshima. Nimewapa kahawa."

"Umewapa kahawa!"

"Wageni niwape nini, jiwe? Yule msichana kaniamkia vizuri, kaupapasa ukuta wote huo kama anampima mtoto homa. Akasema bibi, usiwe na wasiwasi, tutatengeneza."

"Watatengeneza barabara, shangazi! Barabara! Siyo nyumba!"

"Mie nimesikia nyumba."

"Watu wa Mfuko barua yao inasema watakuja tarehe ishirini. Leo kumi na nne. Toka lini ofisi ya nchi hii ikawahi?"

Alipepeta ungo wake, akasema taratibu, "Wameacha na karatasi."

"Iko wapi?"

"Nimeiweka. Ngoja nimalize mchele."

Shangazi anasoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ndivyo alivyofundishwa chuoni, chuo cha Kurani. Hizi herufi za shule hazijui. Karatasi yoyote anayopewa huiweka pahala pa heshima, akangoja mtu amsomee. Na mtu wa kumsomea ni mie.

Sikungoja mchele uishe. Kosa la kwanza liandikeni hapo.

Nilitoka nje. Jirani yetu Godlisten, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa kasimama mikono kiunoni anazihesabu zile X.

"Saba, braza," akasema. "Mie kule nilikokuwa nakaa walinipiga moja tu, na hiyo moja ikanilaza nyumba na milango yake yote. Nyie wamewapania."

"Sasa nifanyeje, Godi?"

"Okoa kinachookoleka. Mlango huo ni mali. Tingatinga likija halikuulizi kama umeshatoa vitu. Mie nilikuwa nangojaga barua. Barua gani? Nilikuja kuokota bawaba kwenye kifusi."

Maneno yale yaliniingia. Miaka miwili ya fomu, na hawa watu wa barabara wanakuja na rangi wanamaliza mambo kwa dakika kumi! Nilikaa barazani nikaona hasira inanipanda mpaka kisogoni. Nikampigia simu fundi Ansbert wa Keko.

Jumatatu saa tatu asubuhi Ansbert alikuja na kirikuu, kigari cha mizigo, na watu wake wawili. Ni mtu wa Kagera, mpole, anayetengeneza vitanda na makabati pale barabarani Keko, na kila kitu anakitazama mara mbili. Aliuzunguka mlango, akagonga fremu kwa kifundo cha kidole.

"Mzee Hilal, huu hautoki bila kuumiza ukuta. Fremu imejengewa ndani ya mawe."

"Ukuta si unabomolewa? Piga."

"Sawa. Ila nauliza tu. Mbona mlangoni hawajaweka X? Naona zote zipo kwenye lipu. Hapa, hapa, na pale chini ya dirisha."

"Fundi, nimekuita ung'oe mlango au usome ukuta?"

Alishika nyundo, nami nikashika mtaimbo. Jamani, sitaki kujitetea. Nilipiga mie pigo la kwanza.

Shangazi alitoka kajifunga kanga kichwani. Akasimama palepale kizingitini.

"Hilal. Unafanya nini?"

"Naokoa mlango wa babu, shangazi. Sogea, vumbi."

"Unaokoa kwa kuvunja?"

"Wanavunja wao kesho, navunja mie leo, tofauti iko wapi? Angalau mlango unabaki wetu."

"Mwanangu, nimekwambia kuna karatasi."

"Karatasi za hao watu nazijua! Sogea, tafadhali."

Alisogea. Akakaa kwenye kiti chake ukumbini, uso kaelekeza barabarani. Tulipouchomoa ule mlango na fremu yake, ukuta wa kulia ukatoa sauti, mawe ya juu yakalegea, na kipande kikubwa, urefu wa mtu, kikaporomoka barazani. Chokaa ya babu ikatufunika wote.

Vumbi lilipotulia, barabara nzima ya Kilwa ilikuwa inamwona shangazi yangu kakaa kwenye kiti chake. Wapita njia walisimama. Bodaboda wakapunguza mwendo.

Akasema bila kupaza sauti, "Umenivua nguo mchana, Hilal. Watu wanaona."

Nikamwambia Ansbert apakie mlango, akauhifadhi kwake Keko mpaka nitakapojua tunahamia wapi.

Jumanne asubuhi gari nyeupe ikasimama mbele ya nyumba. Akashuka msichana wa miaka thelathini hivi, kofia ngumu mkononi, faili kwapani. Alianza kutabasamu, tabasamu likaganda.

"Mungu wangu. Nani kabomoa?"

Nilikuwa nimemngoja mtu wa kumtukana tangu Jumapili, sasa kaletwa.

"Unaniuliza mie? Si nyie! Mnakuja mwenye nyumba hayupo, mnapaka X zenu saba, leo mnakuja kushangaa! Hata aibu hamna?"

"Samahani, wewe ni Bwana Hilal?"

"Ndiye!"

"Naitwa Sekela. Ni msanifu majengo, natoka Mfuko wa Majengo ya Zamani. Mimi ndiye uliyekuwa unamwandikia barua miaka miwili."

Bado nikajikaza, maana mtu mwenye hasira hapendi kuishuka katikati ya ngazi.

"Kama ni Mfuko, X za nini? Dada, hapa Dar X ina maana moja tu!"

Sekela alikwenda kwenye X iliyokuwa karibu, akaweka kidole gumba juu yake, akafuta. Ikafutika. Akanionyesha kidole, chekundu.

"Chaki," alisema. "Ile ya bomoabomoa ni rangi, Bwana Hilal. Hii ni chaki. Hukuigusa?"

Sikuigusa. Siku mbili nimeitazama, nimeitukana, nimeiota, sikuigusa hata kwa ncha ya kidole.

"Tunaweka X pale ukuta ulipozibwa kwa saruji," akaendelea. "Hizi saba ni viraka vya miaka ya nyuma. Mawe na chokaa yanavuta maji na kuyatoa. Ukipaka saruji juu, maji yanakosa pa kutokea, ukuta unaoza kwa ndani huku nje unaonekana mzima. Kazi ya kwanza ingekuwa kubandua hivyo viraka. Yote haya nimeyaandika kwenye barua. Nilimwachia bibi."

Tukageuka wote wawili. Shangazi alikuwa ameshainuka. Alikwenda chumbani, tukasikia sanduku linafunguka, akarudi na juzuu lake la Kurani mkononi. Akalifunua, akatoa bahasha ya kaki ambayo haijafunguliwa.

"Nilisema kuna karatasi," akasema, akanipa mie, siyo Sekela.

Nilisoma kwa sauti kwa sababu alinitazama nisome. Ombi lenu limekubaliwa. Mfuko utagharamia ukarabati wa kuta, paa na mlango mkuu, chini ya uangalizi wa wataalamu wake. Alama nyekundu zilizowekwa ukutani zinaonyesha sehemu zenye saruji. Mnaombwa msiguse, msitoe na msiongeze chochote mpaka kazi itakapoanza.

Msiguse. Nyuma yangu mlango haupo, na ukuta umelala barazani.

"Sasa?" niliuliza.

Sekela alikaa kwenye ngazi, akavua miwani, akajifuta uso. "Na mie nina kosa langu. Nimekulia Tukuyu, lakini Dar nina miaka kumi na mbili. Kuchora X nyekundu kwenye nyumba ya Temeke na kuondoka, nilipaswa kufikiri. Hilo nitaliandika kwenye ripoti yangu."

"Watatunyima?"

"Sijui. Jopo linakuja Ijumaa saa nne kuona kabla ya kutoa pesa. Nisikilize vizuri, Bwana Hilal. Rudisha mlango, uweke ndani, pakavu. Ukuta uliobaki ushikize kwa mirunda. Mawe yaliyoanguka usiyatupe, yapange. Halafu acha hivyohivyo. Chokaa ya kujengea inalowekwa wiki tatu, haiwezi kuwahi. Kwa hiyo usizibe. Saruji hata kijiko usiweke."

"Waje waone nyumba haina mlango, ukuta umetoboka?"

"Waone. Mfuko umeshasaidia nyumba zilizoanguka kuliko hii. Nyumba ambayo hatujaisaidia ni ile ambayo mwenyewe alituficha kitu."

Alipotaka kuondoka, shangazi akamshika mkono. "Mwanangu, hicho kijiti chekundu chako kizuri. Nigaie."

Sekela akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, akamwachia kipande cha chaki. "Unataka kuandika nini, bibi?"

"Nifundishe hiyo herufi yenu. Nami niijue, nisije nikaogopeshwa tena."

Akamfundisha. Mstari huu, mstari huu. Shangazi akaijaribu kwenye sakafu ya baraza mara mbili.

Jumatano nikaenda Keko mbio. Nikamkuta Ansbert kasimama mbele ya mlango wetu kanyoosha mikono, na mbele yake mama mmoja wa Mikocheni, miwani ya jua kichwani, anataka kuununua aulaze uwe meza ya sebuleni, juu aweke kioo.

"Mama, nimesema siuzi, ni wa watu," Ansbert anabembeleza.

"Wa watu gani? Watu wenye mlango kama huu wanauacha barabarani Keko?"

Nikamwambia ni wangu. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akasema, "Basi pole yako," akaondoka. Yule mama naye pole yake ningependa kumrudishia.

Kwa hiyo mpaka Jumatano jioni nilikuwa nimefanya yote niliyoambiwa. Mlango upo ukumbini, umelazwa juu ya mbao. Mirunda minne imeushika ukuta. Mawe yamepangwa. Ningeishia hapo, leo ningekuwa nawahadithia mambo mengine.

Alhamisi asubuhi Ibtisam akapiga simu.

"Kaka, shikamoo. Nasikia nyumba imeanguka."

"Marahaba. Haijaanguka. Imelegea upande."

"Kaka Hilal, nimetumiwa picha. Pana shimo gari inapita. Hao watu wa Mfuko watatoa pesa kwa gofu? Tusipotezeane muda. Mnunuzi nimeshapata, anataka kiwanja kitupu, hata kubomoa atabomoa mwenyewe."

"Mwezi haujaisha, Ibtisam."

"Mwezi haujaisha lakini nyumba imeisha. Shangazi namchukua mie huku Boko, chumba kipo, choo ndani kwa ndani. Unamtesa tu huko."

Nilikata simu. Nikatoka nje nikalitazama lile shimo. Nikawaza wageni wa jopo wanashuka na mafaili yao wanaona hii aibu. Nikawaza watasema huyu mtu tukimpa pesa, atabomoa na iliyobaki. Mgeni unampokeaje kwenye nyumba isiyo na mlango? Baba yangu alikuwa anapakaga chokaa nyumba nzima kwa ajili ya harusi ya jirani!

Godlisten akawa kama ananisoma. "Braza, mifuko miwili tu. Ukiziba saa hizi, alasiri imeshika. Juu unapaka chokaa nyeupe. Nani atajua?"

Nilimwita Ansbert. Akaja, akasikiliza, akakataa.

"Yule dada alisema hata kijiko."

"Yule dada ana mshahara, Ansbert! Hafukuzwi kwenye nyumba yake! Unajua mie nina siku ngapi?"

"Sijui, mzee. Fremu nitakusaidia kuisimamisha. Saruji hapana."

Akanisaidia kuisimamisha fremu, akatundika mlango, akachukua vifaa vyake akaenda zake. Hata nauli hakuomba.

Shangazi alikuwa amekwenda hitima mtaa wa pili. Nilivua shati la kazini nikavaa fulana nyeupe, nikakoroga mwenyewe. Koleo, karai, mwiko. Nilipanga mawe ya babu nikayazamisha kwenye saruji mpya, nikapiga lipu, nikasawazisha kwa ubao. Na mkono wangu si haba, utotoni niliwahi kuwa saidia fundi. Saa tisa na nusu nikapaka chokaa juu, nyeupe kabisa. Mlango wa babu ukasimama mahali pake kana kwamba hapakutokea kitu.

Godlisten alipiga makofi. Watu wa mtaani wakanipongeza. Nilirudi nyuma hatua tano nikaitazama kazi yangu, nikaona raha ambayo sijaiona miaka miwili. Nawaambia ukweli, niliona raha.

Shangazi akarudi na kijaluba chake cha visheti vya hitima. Alipofika mbele ya mlango hakuingia. Alisimama. Kisha akauweka mkono ukutani, akaupapasa, vilevile alivyomwona Sekela akifanya. Akanusa vidole.

"Hii si chokaa."

"Juu ni chokaa, shangazi."

"Na chini?"

Nikaanza kukusanya karai na mwiko.

"Hilal, mie nimekuuliza, na chini?"

"Shangazi, nimefanya kwa ajili yako! Wewe hujui mambo yaliyopo. Wakitunyima kesho, hii nyumba..."

"Inauzwa. Mwezi ukiisha." Alisema kwa upole kabisa. "Ibtisam alikuja kuniambia siku ileile mliyosaini. Alilia hapo kwenye kiti. Nimengoja wewe tangu siku hiyo uje uniambie. Kila asubuhi unakuja, shikamoo shangazi, umelalaje shangazi, unakunywa chai yangu, unaondoka."

Jamani. Nilitamani ule ukuta uanguke tena, safari hii uniangukie mie.

"Sikutaka uumie," nikasema.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yule msichana alisema waone hivyohivyo. Mie nilikuwa tayari waone. Nimekaa siku nne bila mlango, Temeke nzima imeniona, sikufa. Wewe ndiye uliyeona aibu."

Akaweka kijaluba chini. Akaingiza mkono kwenye pindo la kanga, akatoa kile kipande cha chaki nyekundu. Nikadhani anakwenda ukutani. Akanijia mie. Akanyoosha fulana yangu kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaandika juu ya kifua changu, polepole, ulimi kautoa kidogo kama mtoto wa chuoni. Mstari huu. Mstari huu.

"Herufi moja tu ya shule naijua," akasema. "Inawekwa penye saruji. Wakija kubandua, waanzie hapa."

Machozi yalinitoka mbele ya Godlisten na watu wote wa barazani, na sikuyafuta.

Tukiwa vilevile, mie na X yangu, yeye na chaki yake, nikasikia gari linapunguza mwendo nyuma yangu. Nikageuka. Lile jeupe. Nikasema moyoni haiwezekani, Ijumaa ni kesho.

Sekela akashuka. Nyuma yake wakashuka wazee watatu, kofia ngumu, mafaili kwapani.

"Bwana Hilal, tusamehe, kikao cha kesho kimehamishwa, tukaona tuwahi," akaanza. Halafu akauona ukuta, mweupe, mzima, umenyooka. Akautazama muda mrefu. Kisha akanitazama mie, uso wangu, na kifua changu.

Mzee wa kwanza alishafika mlangoni, anausifu. "Mbona tumeambiwa nyumba imebomoka? Hii ipo vizuri sana. Nani fundi wako?"

Sekela hakumgeukia. Hakunitolea macho ya hasira, afadhali angenitolea.

"Bwana Hilal," akaniuliza, kalamu yake iko juu ya karatasi, "hiyo X hapo kifuani ni ya nini?"

Nilimtazama shangazi anisaidie. Alikuwa ameokota kijaluba chake, anawafungulia wageni visheti.

"Mjibu mwenzio," akasema.

Nikafungua mdomo.